Nani Mwenye Kuamua? Vyeo na Vikao katika Timu za Programu

Kufikia Agosti 2010, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilikuwa limekwisha kutumia takribani dola milioni 405 kati ya milioni 451 zilizotengwa kwa ajili ya Sentinel, mfumo wa kutunza majalada ya kesi kwenye kompyuta badala ya makaratasi. Kazi ilikuwa na awamu nne, na zilizokabidhiwa zilikuwa mbili. Wala hilo halikuwa pigo la kwanza. Mfumo uliotangulia, Virtual Case File, ulitupwa mwaka 2005 ukiwa umekwisha kumeza dola milioni 170 hivi. Wataalamu wa nje walioombwa kukadiria kilichobaki cha Sentinel walisema ingehitajika miaka 6 mingine na dola milioni 351 juu ya zile zilizokwisha kutumika.

Mwezi uliofuata FBI ilitangaza kwamba inauchukua usukani kutoka kwa mkandarasi wake mkuu, Lockheed Martin. Ikapunguza watu badala ya kuwaongeza. Ikaanza kazi kwa vipindi vya wiki mbili mbili, na kila kipindi kikafungwa kwa kuonyesha kilichokamilika. Tarehe 1 Julai 2012 Sentinel ilifunguliwa kwa wafanyakazi wote. Ilichelewa, kwa kuwa mpango mpya ulikuwa umelenga Septemba 2011, na mwaka 2014 wakaguzi wa Wizara ya Sheria waliwakuta watumiaji bado wananung'unikia namna ya kutafuta taarifa ndani yake. Lakini mfumo ulikuwepo na watu walikuwa wanautumia.

Mashabiki wa mbinu za ajaili (agile), za kujenga programu kwa vipindi vifupi, hupenda kusimulia kisa hiki kana kwamba kilichoiokoa Sentinel ni zile wiki mbili na vikao vyake. Mimi nakisoma vingine. Kabla ya Septemba 2010, kati ya mpelelezi atakayeutumia mfumo na msanidi anayeandika msimbo palikuwa na mkataba, vitabu vya mahitaji na ngazi za kuidhinisha mabadiliko. Baadaye, mwenye kazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema kipi kitangulie na kipi kingoje. Mamlaka yalihama kwanza, vikao vikafuata kuyatumikia. Ukiona ofisi imejaza kalenda kwa vikao vya ajaili na kazi bado haitoki, usihesabu vikao. Uliza nani mle ndani ana haki ya kusema ndiyo au hapana bila kupanda ngazi kuomba ruhusa.

Utaratibu unaotumika zaidi katika familia hii ya mbinu unaitwa Skramu. Mizizi yake inafika mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walipoandika katika Harvard Business Review kuhusu makampuni kama Honda na Canon, ambako timu ndogo zilizoachiwa uhuru zilibuni bidhaa kwa kasi kuliko zile zilizokuwa zikikabidhiana kazi idara kwa idara. Jeff Sutherland akaijaribu fikra hiyo kwenye programu za kompyuta mwaka 1993 katika kampuni ya Easel, na mwaka 1995 Ken Schwaber akaiwasilisha kwenye mkutano wa wataalamu huko Austin, Texas. Februari 2001 hao wawili walikuwa miongoni mwa watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, wakatoa ilani ya ajaili.

Anayeisoma ilani hiyo leo anaweza kushangaa. Haimtaji Skramu Masta. Haitaji sprinti, yaani vile vipindi vifupi vya kazi, wala kikao cha asubuhi cha kusimama. Kanuni zake 12 zinasema tu kwamba wenye biashara na wasanidi wafanye kazi pamoja kila siku, kwamba maongezi ya ana kwa ana yanashinda njia nyingine, na kwamba timu ijitazame mara kwa mara na kujirekebisha. Vyeo na vikao tunavyovijua vinatoka kwenye Mwongozo wa Skramu wa Schwaber na Sutherland, kijitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2010 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni zaidi mwaka 2020.

Mwongozo huo unagawa wajibu kwa pande tatu. Mwenye bidhaa anapanga orodha ya kazi na kuamua kipi kina thamani kuliko kingine. Wasanidi wanaamua namna ya kukijenga na kiasi gani kinawezekana katika sprinti moja, ambayo haizidi mwezi. Skramu Masta anahakikisha utaratibu unaeleweka na vikwazo vinaondolewa, lakini hana amri juu ya yeyote. Ukitazama vizuri, huyu ni meneja wa mradi wa zamani aliyekatwa vipande vitatu. Kile kiti kimoja kilichokuwa na orodha, ratiba na watu hakipo tena. Ndiyo maana makampuni mengi huukubali mgawanyo huu kwa mdomo, kisha yakamrudisha meneja kwa mlango wa nyuma akiwa na jina jipya.

Kati ya pande hizo tatu, anayeharibiwa zaidi ni mwenye bidhaa. Mwongozo unasema waziwazi kwamba awe mtu mmoja, si kamati, na kwamba shirika zima liheshimu maamuzi yake. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Sisi tuliolelewa kwenye kamati za harusi tunajua watu arobaini wanavyoweza kukutana kila Jumapili, wakawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mwishowe ukumbi ukachaguliwa kwa simu moja ya shangazi ambaye hakuhudhuria hata kikao kimoja. Benki nyingi huendesha miradi yao namna hiyohiyo. Wanamteua mchambuzi mmoja kijana, wanamwita mwenye bidhaa, wanampa orodha ya kutunza. Mkurugenzi wa huduma za kidijitali anaongeza jambo lake, wa mikopo anaongeza lake, idara ya vihatarishi inazuia la tatu. Kijana anabaki karani wa maombi. Timu ikimuuliza, kati ya haya mawili tuanze na lipi, anajibu kwamba ataulizia.

Jibu hilo la kuulizia linagharimu siku mbili leo na siku tatu kesho kutwa, na hakuna kikao kinachoweza kulifidia. Wasanidi hawawezi kukaa bure wakisubiri, kwa hiyo wanakisia. Wakikisia vibaya wanarudia. Ripoti ya mwezi itasema timu ni nzito, na dawa itakayotolewa itakuwa kikao kingine cha ufuatiliaji.

Skramu Masta naye ana balaa lake. Cheti chake huweza kupatikana baada ya kozi ya siku mbili tu, na soko likajaa wenye vyeti. Katika ofisi nyingi amekuwa mtu wa kutuma mialiko, kusogeza vikadi kwenye ubao wa kazi na kuandika muhtasari. Kazi hizo zinaweza kufanywa na yeyote kwa zamu, na kwa timu ndogo iliyokomaa sioni sababu ya kumlipa mtu mshahara mzima kwa ajili yake. Kazi yake halisi ni ile ambayo hakuna anayetaka kuifanya: kumwendea mkurugenzi na kumwambia, "Mzee, naomba tusiwape vijana kazi nyingine katikati ya sprinti, kama ni ya dharura tuipitishe kwa mwenye bidhaa." Katika ofisi zetu, ambako mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, sentensi hiyo inahitaji mtu mwenye umri au heshima ya kutosha kuisema, na pia adabu ya kuisema faraghani. Kampuni inayompa kazi hiyo mwanagenzi aliyemaliza chuo mwaka jana imeamua, bila kujua, kwamba haitaambiwa kitu.

Kuhusu wasanidi, jambo la kwanza ni idadi. Mwongozo wa 2020 unasema timu nzima kwa kawaida isizidi watu 10. Hesabu yake ilikwisha kufanywa na Frederick Brooks mwaka 1975 katika The Mythical Man-Month, kitabu alichokiandika baada ya kusimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa IBM System/360. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Watu 10 wana njia 45, na 20 wana 190. Ndiyo maana alionya kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, na ndiyo maana FBI ilipata nafuu kwa kupunguza.

Tuje sasa kwenye vikao vyenyewe, kwa sababu ndivyo vinavyolalamikiwa. Kwa sprinti ya mwezi mmoja, mwongozo unaweka ukomo wa saa 8 kwa kikao cha kupanga, saa 4 kwa kikao cha kuonyesha kazi ambacho wengi wanakiita demo, na saa 3 kwa kikao cha kujitathmini, yaani retro. Kikao cha kila siku, stendapu, ni dakika 15, na kwa siku 20 za kazi hizo ni saa 5. Jumla ni saa 20 kati ya saa 160 za mwezi, sehemu moja ya nane, na huo ndio ukomo wa juu. Matoleo ya zamani yalishauri pia kwamba kuichambua orodha ya kazi kusizidi asilimia 10 ya uwezo wa timu. Hata ukijumlisha hilo, hufiki robo ya muda. Msanidi anayesema nusu ya wiki yake inaliwa na vikao hasemi uongo, ila vikao vinavyomla havitoki kwenye mwongozo. Ni vikao vya kutoa taarifa kwa watu ambao wangeweza kufungua ubao wa kazi na kujisomea.

Stendapu ndipo ugonjwa unapoonekana mapema zaidi. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwa maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, umekwama wapi. Mwongozo wa 2020 uliyaondoa, na nadhani ulichelewa. Maswali hayo yalikuwa yamegeuka kuwa rejesta ya mahudhurio, kila mtu akithibitisha kwamba jana alikuwa kazini. Viktoria Stray na wenzake wa Norway, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba watu hukithamini kikao hiki wanapopashana habari na kujadili tatizo lililopo, na hukichukia kinapokuwa ripoti kwa meneja, kinapokuwa kirefu au kinapofanyika mara nyingi kupita kiasi. Nani asiyejua hali hiyo? Bosi anaingia "kusikiliza tu", na mara moja macho yote yanamgeukia yeye. Anayeongea haongei tena na mwenzake atakayepokea kazi yake mchana. Aliyekwama anasema kila kitu kinaenda vizuri.

Mfano mzuri wa kikao cha kila siku chenye meno unatoka kwenye janga. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 ikaanguka papo hapo. Siku ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Katika kikosi cha uokoaji alikuwamo Mikey Dickerson, mhandisi wa Google, na vikao vya kusimama vikawa viwili kwa siku. Dickerson aliweka kanuni ambazo ningependa zibandikwe kwenye kila chumba cha mikutano. Hapa ni mahali pa kutatua matatizo, anayetaka kusukuma lawama ana kumbi nyingine nyingi. Anayeongea ni yule anayelijua tatizo kuliko wengine, si mwenye cheo kikubwa. Na yanayojadiliwa ni matatizo yatakayoumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo. Kufikia mwisho wa Novemba tovuti ilikuwa inatumika na watu wengi.

Kanuni ya pili ndiyo yenye uzito. Chumba kilikuwa na makandarasi wengi, kila mmoja na wakubwa wake, na kwa miezi ukweli ulikuwa ukichujwa kila unapopanda ngazi. Vikao viwili kwa siku vilifaa kwa sababu Ikulu ilisimama nyuma ya kikosi: kilichoamuliwa asubuhi kilifanywa, na jioni mtu aliulizwa kama kimefanywa. Ukiviondolea vikao vile nguvu hiyo, unabaki na watu waliosimama.

Kwa wasanidi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaofanyia kazi kampuni za nje, stendapu ina mzigo mwingine ambao vitabu vya Marekani havijali. Saa tatu asubuhi ya London wakati wa kiangazi ni saa tano asubuhi kwetu, hakuna tabu. Saa tatu ya New York ni saa kumi jioni, inavumilika. Saa tatu ya San Francisco ni saa moja usiku, mama anatenga chakula na watoto wanataka kusaidiwa kazi za shule. Msanidi wa huku amefanya kazi siku nzima bila kikao, na anapojiunga, maamuzi ya siku ndiyo kwanza yanaanza. Atayatekeleza kesho, wenzake wakiwa wamelala. Katika hali hiyo ni afadhali stendapu iandikwe kwenye kundi la timu na muda wa pamoja utumike kwa yale yanayohitaji mabishano. Muhimu zaidi, mwenye bidhaa ampe mtu wa upande huu ruhusa ya kuamua mambo ya kati. Ruhusa ikikosekana, swali la saa mbili asubuhi linangoja kwa muda wa saa kumi na moja.

Kikao cha kupanga nitakipita haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Hadi mwaka 2011 kilichotoka kwenye kikao hicho kiliitwa ahadi ya timu. Mwaka huo mwongozo ukakiita makadirio, kwa sababu wakubwa walikuwa wakiichukua ahadi na kuigeuza fimbo. Tabia yenyewe haikuisha kwa marekebisho ya kitabu. Alama ambazo timu hujipangia zenyewe ili kupima uzito wa kazi zimekuwa katika mashirika mengine shindano la timu kwa timu, jambo ambalo halina maana yoyote, kwani kila timu ina kipimo chake. Timu iliyobanwa kuongeza alama itaziongeza. Kazi itabaki ileile.

Demo nayo hugeuzwa sherehe. Slaidi zinapita, wakubwa wanapiga makofi, hakuna anayegusa programu. Mwongozo wa 2020 unaonya kwamba hiki ni kikao cha kazi na kisiishie kwenye maonyesho tu. Mwenye bidhaa mwenye mamlaka anaweza kutoka humo akiwa amefuta nusu ya orodha yake. Asiye na mamlaka anatoka na orodha ndefu zaidi.

Na retro ndiyo inayochinjwa kwanza tarehe ya mwisho inapokaribia. Wanasema hakuna muda. Mimi nashuku sababu nyingine: ni kikao pekee ambamo timu inaweza kusema kwamba kikwazo chake ni mtu fulani wa ghorofa ya juu. Timu ikilisema hilo mara tatu na lisiguswe, mara ya nne itajadili ubora wa kahawa.

Wapo wanaosema vikao vyote hivi vifutwe, na hawako mbali na ukweli. Dave Thomas, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, aliandika mwaka 2014 kwamba ajaili imekufa, kwa maana ya biashara iliyojengwa juu ya jina hilo. Mwenzake Ron Jeffries aliwashauri wasanidi mwaka 2018 waachane na ajaili za bandia wanazotwishwa na wakubwa. Kampuni ya Basecamp ilieleza mwaka 2019 utaratibu wake wa mizunguko ya wiki 6, bila stendapu na bila orodha ndefu ya kazi zinazosubiri. Inafanya kazi kwao, lakini tazama kwa nini. Kabla ya kila mzunguko, wakubwa wachache wenye kauli ya mwisho wanachagua kazi zitakazofanywa, kisha timu inaachiwa hadi mwisho bila kuingiliwa. Vikao vimepungua kwa sababu swali la nani anaamua lilifungwa mapema. Kinyume chake ni makampuni yaliyonakili mpangilio wa timu za Spotify, ule wa vikosi na makabila, kama ulivyoelezwa kwenye andiko la mwaka 2012. Mengi yalibadilisha majina ya idara, yakaacha saini zote za idhini mahali zilipokuwa.

Kwetu mtihani mkubwa uko kwenye zabuni. Taasisi inatangaza tenda yenye orodha kamili ya mahitaji, bei isiyobadilika na tarehe ya kukabidhi, halafu ndani yake inaandika kwamba mzabuni atatumia mbinu ya ajaili. Mambo hayo hayakai pamoja. Kama kitakachojengwa, bei yake na siku yake vyote vimekwisha kutiwa saini, mwenye bidhaa hana la kuamua, demo haina la kubadilisha, na retro itamlaumu mkandarasi. Ni afadhali basi kuendesha mradi kwa njia ya zamani, kwa awamu na ripoti, na kukiri hivyo. Uingereza ilijaribu kulifungua fundo hili kwa kiwango cha huduma za kidijitali kilichoanza kutumika Aprili 2014: huduma ya serikali ilitakiwa kuongozwa na meneja mwenye ujuzi, cheo cha kutosha na mamlaka ya kuamua, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokaguliwa kabla huduma haijaruhusiwa kufunguliwa kwa wananchi.

Kwa hiyo nawaomba wanaotia saini mikataba ya mifumo, serikalini na kwenye mabenki: kabla hamjauliza sprinti zitakuwa ngapi na stendapu itakuwa saa ngapi, andikeni kwenye mkataba jina la mtu mmoja wa upande wenu, na chini yake mambo anayoweza kuyakubali au kuyakataa siku hiyohiyo bila kuuliza mtu. Kama jina hilo halipatikani, msinunue ajaili. Nunueni programu iliyokwisha kutengenezwa.